Maji yakiachiwa kutoka bwawani, nguvu zake huishia wapi?

Chukua ukuta wa bwawa wenye kimo cha mita 100. Milango imefunguliwa, na kila sekunde mita za ujazo 1,000 za maji, yaani tani 1,000, zinaporomoka kwenda mtoni. Ukipiga hesabu, mporomoko huo una nguvu ya megawati 981. Ni kiasi cha kituo kikubwa cha kufua umeme, ila hapa hakuna mtambo wa kuipokea wala waya wa kuisafirisha. Nguvu yote inatua kwenye eneo dogo, tena miguuni mwa ukuta uleule unaozuia ziwa zima lisimwagike.

Watu wengi hudhani bwawa ndilo limeizalisha nguvu hiyo. Sivyo. Kabla ya ukuta kujengwa, maji yaleyale yalikuwa yakishuka mita zilezile 100, lakini yalizishuka kwa kilomita nyingi, yakijigonga kwenye mawe, yakijipinda kwenye kona, yakisugua kingo na kuchezesha mchanga. Mto ulikuwa unatumia nguvu zake senti kwa senti, kila mahali kidogo. Bwawa ni kibubu. Senti ambazo zingetumika njiani zinawekwa pamoja, na siku ya mafuriko kibubu kinapasuliwa kwa pigo moja. Mhandisi anatakiwa kuyafanya maji yatumie ndani ya mita 50 au 100 kile ambacho mto ungekitumia kwa safari ya siku nzima.

Njia ya kupitishia maji ya ziada, ambayo kwenye miradi ya mabwawa huitwa utoro wa maji, ipo kwa sababu hakuna ziwa lisilojaa. Bwawa la tuta la udongo haliwezi kuruhusu maji yapite juu ya mgongo wake. Yakipita, tuta linaweza kuliwa na kuisha ndani ya saa chache. Bwawa la zege huvumilia zaidi, lakini msingi wake umekaa juu ya mwamba, na mwamba nao huchimbika. Kwa hiyo maji hupewa mlango wao na mfereji wao. Tatizo huanza pale mfereji unapoishia.

Kasi ya maji hapo hufuata kanuni ileile ya jiwe linaloanguka. Baada ya mita 100, kama msuguano haukuyapunguza, maji yanakwenda mita 44 kwa sekunde, karibu kilomita 160 kwa saa. Na madhara hayaongezeki sawasawa na kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, pigo la kila tone huwa na nishati mara nne.

Sasa, nishati haipotei. Tunaposema tunataka "kuiua" tunajidanganya kidogo. Tunachofanya ni kuigeuza iwe joto. James Joule, Mwingereza aliyepima uhusiano wa kazi na joto katika miaka ya 1840, alieleza kwamba maji yaliyofika chini ya maporomoko ya Niagara lazima yawe na joto zaidi kidogo kuliko yaliyo juu. Kwa bwawa letu la mita 100, nguvu yote ya zile megawati 981 ikigeuka joto, maji yatapanda kwa takriban nyuzi 0.23 tu. Mkono hauwezi kuhisi. Nguvu inayoweza kung'oa mwamba, ikishageuka joto, haitoshi hata kuondoa ubaridi kwenye glasi ya maji. Huo ndio uzuri wa maji: yana tumbo kubwa la kumeza joto.

Ugumu uko katikati, kati ya mwendo na joto. Mkondo wenye kasi haugeuki joto hivihivi. Kwanza huvunjika na kuwa mizunguko mikubwa, upana wa mita kadhaa; hiyo huzaa midogo, midogo huzaa midogo zaidi, mpaka inapofika saizi ya milimita au chini yake ndipo mnato wa maji unapoweza kuikamata na kuisaga ikawa joto. Mlolongo huo unahitaji nafasi na unahitaji msukosuko. Mkondo laini unaoteleza kwenye sakafu laini hauna msukosuko wa kutosha, hivyo utasafiri na nguvu zake mbali sana hadi ukutane na kitu cha kuvunja. Usipoupangia maji ya kugombana nayo, utagombana na mwamba.

Njia ya kale zaidi ya kuanzisha ugomvi huo kwa mpango unaweza kuiona kwenye sinki. Fungua bomba na uangalie sakafu ya sinki: pale maji yanapodondokea kuna duara la maji membamba yanayokimbia kwa kasi, halafu ghafla, kama yamegonga ukuta usioonekana, yanapanda na kuwa mazito na ya polepole. Huo ni mruko wa maji. Mtaliano Giorgio Bidone aliufanyia majaribio ya kina mwanzoni mwa karne ya 19, na Mfaransa Jean-Baptiste Bélanger akaupatia hesabu yake. Kinachoamua ukali wake ni uwiano kati ya kasi ya maji na kasi ya wimbi dogo juu ya maji ya kina kile, uwiano unaoitwa namba ya Froude. Maji yakikimbia kuliko wimbi lake, habari za kilichoko mbele haziwezi kurudi nyuma kuyaonya. Yanakimbia kama kipofu hadi yanapoyakuta maji mazito yametulia mbele, na hapo ndipo yanapojikunja, kujifunika na kuchemka povu.

Hesabu ya Bélanger inafaa kuonwa mara moja kwa macho. Tuseme maji yanaingia yakiwa na kina cha mita 1 na kasi ya mita 20 kwa sekunde. Namba ya Froude ni kama 6.4. Baada ya mruko, kina kitakuwa mita 8.5 na kasi itakuwa mita 2.3 tu kwa sekunde. Karibu asilimia 59 ya nishati imeteketea ndani ya povu, na iliyobaki karibu yote imekaa kama kina, siyo kama mwendo. Maji yaliyoingia kama risasi yanatoka kwa kasi ya mtu anayekimbia taratibu, na yote haya ndani ya urefu wa takriban mita 50.

Hizo mita 50 ni za gharama. Ni sakafu ya zege nene, yenye nondo, iliyofungwa kwenye mwamba, pengine imechimbiwa chini ya kitanda cha mto. Ndiyo maana beseni la kutulizia maji huwekewa vitu vya kuufupisha mruko: meno ya zege mwanzoni yanayopasua mkondo, vizuizi katikati, na kizingiti mwishoni. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mabwawa ya majimbo makavu ya magharibi, Bureau of Reclamation, ilizipanga aina za mabeseni hayo baada ya majaribio mengi ya maabara, na michoro yake ya miaka ya 1950 bado inatumika duniani kote. Lakini vizuizi vya katikati vina mpaka wao. Kasi inapozidi mita 15 hadi 18 kwa sekunde, vyenyewe vinaanza kuliwa, kwa sababu nitakayoieleza baadaye, na kizuizi kilichong'oka ni jiwe la tani kadhaa linalotembea ndani ya beseni.

Jambo ambalo mtu asiyezoea hulikosa ni kwamba mruko haukai mahali kwa sababu ya zege. Unakaa kwa sababu ya maji yaliyoko mbele yake. Kina cha mto chini ya bwawa kikiwa kidogo kuliko kile hesabu inachodai, mruko unasukumwa nje ya beseni na kwenda kuchemka juu ya udongo mtupu. Kikizidi, mruko unazama: juu maji yanaonekana yametulia, chini mkondo unateleza sakafuni na nguvu zake karibu zote. Mto wenyewe nao hupanda na kushuka. Beseni lililosanifiwa kwa mafuriko makubwa linaweza kufanya kazi vibaya kwenye mafuriko madogo, na mto unaojichimba mwaka hadi mwaka hushusha kina chake mpaka beseni lililokuwa zuri likakosa maji ya kupambana nayo.

Mruko uliozama una sura nyingine ambayo watu wanapaswa kuijua hata wasipokuwa na haja na uhandisi. Kwenye kuta fupi za mita 2 au 3 zilizojengwa kukatiza mito, maji ya juu huwa yanarudi nyuma kuelekea ukutani huku ya chini yakienda mbele. Kitu kinachoelea kinarudishwa ukutani, kinazamishwa, kinaibuliwa, kinarudishwa tena. Waogeleaji hodari wamefia humo, na waokoaji waliowafuata pia. Ukuta mfupi hautishi macho, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Badala ya kungoja mwisho wa mfereji, unaweza kuyaumiza maji njiani. Utoro wa ngazi umerudi kwa wingi tangu miaka ya 1980, zilipoenea kuta za zege linaloshindiliwa kwa roli tabaka juu ya tabaka, maana ujenzi huo hutoa ngazi karibu bure. Kila ngazi ni kikwazo kidogo. Maji yanapiga, yanajizungusha kwenye pembe, yanaingiza hewa, yanaendelea. Yakifika chini yameshatumia sehemu kubwa ya nguvu, na beseni linaweza kuwa fupi. Ngazi zina udhaifu mmoja wa maana: mafuriko yakiwa mazito sana kwa kila mita ya upana, maji yanaruka juu ya ngazi kana kwamba hazipo.

Au unaweza kuyatupa. Mwisho wa mfereji unajengwa mdomo uliopinda kuelekea juu, na maji yanaruka hewani kama mtelezaji wa theluji anayeacha mteremko. Mfaransa André Coyne aliieneza mbinu hii miaka ya 1930. Angani mkondo unachanika, unachanganyika na hewa, na muhimu zaidi unatua mbali. Itaipu, kwenye mpaka wa Brazil na Paraguay, ina utoro wa aina hiyo unaoweza kupitisha zaidi ya mita za ujazo 62,000 kwa sekunde. Kwa bei, huwezi kulinganisha na beseni la zege. Mdomo ni mdogo na hauna sakafu ndefu. Ila ukweli ni kwamba mdomo hauondoi nishati nyingi. Unaihamisha. Unaamua kwamba shimo litakalochimbwa litachimbwa pale, siyo hapa, na unaomba mwamba wa pale ukubali.

Kariba ndipo mahali pa kujifunzia jambo hili. Ukuta wake wa upinde, kimo cha mita 128, ulijengwa kukatiza Zambezi kati ya 1955 na 1959, na ni kazi ya Coyne huyohuyo. Juu ukutani kuna milango sita, na maji yanayopita humo hayatelezi kwenye mfereji wowote. Yanaruka moja kwa moja na kuanguka mtoni mbele ya ukuta. Mwamba wa pale ni mgumu, na iliaminika utaunda dimbwi la kadiri kisha utulie. Milango ilipotumika kwa muda mrefu katika miongo ya kwanza, dimbwi liliendelea kushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shimo lilikuwa limefika takriban mita 80 chini ya kitanda cha asili cha mto.

Mwamba mgumu unachimbwaje na maji? Siyo kwa kusuguliwa kama sabuni. Mwamba wowote una nyufa. Mkondo unapopiga dimbwini, shinikizo linapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, na mapigo hayo yanaingia kwenye nyufa. Kuna wakati shinikizo ndani ya ufa liko juu huku juu ya jiwe limeshuka. Kwa sekunde ndogo hiyo jiwe linasukumwa kutoka chini. Likirudiwa mara elfu, ufa unarefuka, jiwe linalegea, siku moja linatoka zima. Mizunguko ya dimbwini inalisaga, mto unabeba vipande, na mwamba uliokuwa umefunikwa na jiwe lile sasa uko wazi. Ndiyo maana idadi na mwelekeo wa nyufa hupima uimara wa dimbwi kuliko ugumu wa jiwe lenyewe.

Hofu ya Kariba haikuwa kina peke yake. Ilikuwa ukuta wa nyuma wa shimo, ule unaotazama bwawa: maji yanayozunguka dimbwini yanarudi nyuma na kuuguguna kuelekea msingi. Suluhisho lililochaguliwa linashangaza mwanzoni. Hawakuliziba shimo. Mkataba wa fedha uliotiwa saini 2015, wenye thamani ya dola milioni 294 kwa dimbwi na milango kwa pamoja, ulilenga kulipanua: kukausha dimbwi kwa kuzuia mto kwa ukuta wa muda, kisha kulipua na kuchonga mwamba upande wa chini ili shimo liwe refu na lenye mteremko. Kazi ilianza 2017. Mkondo ukipata njia ya kunyooka kuelekea mtoni, hauna sababu ya kugeuka kuutafuta ukuta. Binafsi naona hili ndilo fundisho bora zaidi la fani hii nzima, maana linakubali kwamba shimo ni sehemu ya mtambo, siyo jeraha.

Kuna adui mwingine asiyehusika na kutua kwa maji kabisa, anashambulia njiani. Maji yanapopita kwa kasi kubwa juu ya sakafu yenye kasoro ndogo, tuseme kiungio kilichojitokeza milimita chache, shinikizo nyuma ya kasoro hiyo hushuka sana. Likishuka vya kutosha maji yanachemka yakiwa baridi, na viputo vya mvuke vinazaliwa. Sentimita chache mbele shinikizo linapanda na viputo vinaporomoka ndani kwa ndani kwa kishindo kinachochomoa punje za zege. Hii ndiyo kavitesheni, na ndiyo ile sababu niliyoiahidi kuhusu vizuizi vya beseni. Kasi ya mita 30 hivi kwa sekunde inatosha kuifanya kasoro ndogo kuwa ya hatari, na tundu la kwanza ni kasoro kubwa kuliko ile iliyolizaa, kwa hiyo uharibifu hujilisha wenyewe.

Mwaka 1983 bwawa la Glen Canyon, Arizona, lilipokea maji mengi ya theluji iliyoyeyuka kuliko ilivyotarajiwa. Ziwa lilipanda hadi wasimamizi wakaongeza mbao juu ya milango ili kupata nafasi zaidi, huku mahandaki ya utoro yakipitisha maji kwa wiki kadhaa. Maji yanayotoka yalianza kuwa na rangi ya mwamba mwekundu na vipande vya zege. Handaki la kushoto lilipokaguliwa, lilikutwa na shimo la kina cha takriban mita 10 lililopenya zege na kuingia kwenye jiwe la mchanga. Tiba ilikuwa ya ajabu kwa urahisi wake: baada ya matengenezo, mahandaki yalichongewa mfereji wa kuingiza hewa. Maji yenye asilimia 5 hadi 8 ya hewa karibu na sakafu hayaumi tena, kwa kuwa hewa hulainisha mporomoko wa viputo. Zege bora zaidi lisingefanya kazi hiyo.

Kadiri ninavyosoma ajali za utoro wa maji, ndivyo ninavyoona kwamba chanzo mara nyingi kiko chini ya sakafu. Malpaso, Mexico, vibamba vya beseni vyenye mita 12 kwa 12 na unene wa mita 2, kila kimoja takriban tani 700, vilinyanyuliwa na kuondoka. Shinikizo liliingia kwenye viungio, likaenea chini ya kibamba, na kibamba kikawa kifuniko cha sufuria. Oroville, California, ilikuwa ndugu wa ajali hiyo. Tarehe 7 Februari 2017 shimo lilitokea katikati ya mfereji mkuu. Uchunguzi ulionyesha maji yalipenya nyufa na viungio na kuinua zege lililokuwa jembamba juu ya mwamba mbovu. Meno makubwa ya zege yaliyokuwa mwisho wa mfereji hayakuwa na kosa lolote. Maji mengi hayakuyafikia yakiwa ndani ya mfereji.

Siku nne baadaye ziwa lilimwagika kwa mara ya kwanza juu ya utoro wa dharura wa Oroville. Huo ulikuwa kizingiti cha zege, na baada yake mlima mtupu. Hakukuwa na beseni, ngazi wala mdomo. Mtiririko haukufika hata asilimia 5 ya kile kilichodaiwa kuwa uwezo wake. Ndani ya siku moja na nusu udongo na mwamba uliooza vilikuwa vimechimbwa kurudi nyuma kuelekea kizingiti, na tarehe 12 watu wapatao 188,000 waliamriwa kuhama. Kizingiti kilipona. Ilikuwa mara chache kuona wazi hivyo maana ya kujenga mlango wa maji bila kupanga yatakapotua.

Wahandisi hupima haya yote kwanza kwenye vielelezo vidogo vya maabara, kimoja kwa hamsini au zaidi, na kwa mawimbi na mruko matokeo huaminika. Hewa ndiyo inayokataa kupunguzwa. Kiputo cha kwenye kielelezo hakiwi kidogo mara hamsini kuliko kile cha mtoni, kwa hiyo povu la maabara siku zote ni chache mno kulinganisha na la kweli.

Na povu hilohilo linalookoa zege lina deni lake kwa samaki. Hewa inayozamishwa mita nyingi ndani ya beseni inayeyuka kwa nguvu ya shinikizo, na maji yanaondoka yakiwa yamebeba gesi kupita kiasi. Kwenye mto Columbia, kaskazini-magharibi mwa Marekani, samaki wa salmoni walionekana na viputo kwenye mapezi, macho na damu. Ndipo kwenye mabwawa kadhaa ya mto huo vikaongezwa vizingiti vidogo kwenye uso wa utoro, vinavyoulaza mkondo uende juujuu ya maji badala ya kuzama. Gesi ilipungua. Lakini mkondo unaokwenda juujuu huvuta maji ya chini kurudi nyuma, na maji hayo huja na mawe ya mtoni hadi ndani ya beseni, yanakozunguka msimu mzima yakisaga sakafu.